Programu ya video ya bure au ya kulipia? Ulinganisho kwa mtumiaji wa Dodoma

Ukinunua kompyuta mpakato iliyotumika hapa Dodoma mjini, fundi akishamaliza kuweka Windows na programu za ofisi atakuuliza akuwekee pleya gani ya video. Hapo maoni hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba VLC inatosha na kwamba kulipia pleya ni kutupa hela. Wapo wanaoamini kuwa cha bure hakikosi kasoro, na kwamba picha ya programu ya kulipia ina mng'ao ambao ya bure haiufikii. Kundi la tatu, na ni kubwa kuliko linavyokiri, linatumia programu ya kulipia ambayo halikuilipia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njiani. Kwa watumiaji wengi wa huku kwetu, pleya ya bure iliyo huria ndiyo chaguo bora, na bei ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Kulipia kuna mahali pake, ila ni mahali padogo panapoeleweka. Hasara kubwa hutoka kwenye kile kinachoonekana cha bure huku mwenye kukitoa hajulikani.

## Bure za aina mbili

Programu za bure hazifanani. Kuna zile huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. VLC, MPC-HC, mpv, SMPlayer na, kwa wenye Mac, IINA, zote ziko upande huu. Halafu kuna zile ambazo hulipi kitu lakini msimbo umefungwa, na kampuni inajilipa kwa njia nyingine, mara nyingi kwa matangazo. GOM Player na KMPlayer za Korea Kusini ni mfano mzuri. GOM inaweka matangazo kwenye toleo la bure, kisha inauza toleo la Plus lisilo nayo. PotPlayer ya kampuni ya Kakao, ya Korea Kusini pia, haina bei lakini imefungwa.

Tofauti hii haionekani siku ya kwanza. Zote zinafungua faili, zote zinaonyesha manukuu, zote zina kitufe cha kuongeza sauti. Inaonekana mwezi unapokwisha. Tangazo linaloonekana kwenye dirisha la pleya limepakuliwa kwa bando lako, na mwanafunzi anayejiunga kifurushi cha siku hana sababu ya kugawana bando hilo na muuza matangazo. Kisha kuna suala la matumizi ya biashara. Baadhi ya programu za bure zilizofungwa huruhusu matumizi ya nyumbani tu, kwa hiyo mwenye mgahawa, stesheneri au studio ya picha anatakiwa asome masharti kabla hajaiweka. Programu huria yenye leseni ya GPL, kama VLC, haikuulizi unaitumia sebuleni au dukani.

## VLC, na kwa nini haina bei

VLC inastahili nafasi kubwa hapa kwa sababu ndiyo wengi wanayo, na ndiyo inayosingiziwa zaidi.

Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa. Walitaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao, wakaandika programu ya kurushia na ya kupokelea. Mwaka 2001 chuo kilikubali msimbo utolewe chini ya leseni ya GPL, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wameuongezea. Ile koni ya rangi ya chungwa ya barabarani ilitokana na koni zilizokusanywa na wanafunzi wenyewe. Leo mradi uko chini ya VideoLAN, asasi isiyo ya kibiashara ya Ufaransa inayoendeshwa kwa michango na kazi ya kujitolea. Mwanzoni mwa 2025 VideoLAN ilitangaza kwamba VLC imeshapakuliwa mara bilioni 6. Rais wake, Jean-Baptiste Kempf, ameeleza hadharani kwamba alikataa fedha nyingi za waliotaka kuweka matangazo ndani yake.

Hapo ndipo napenda mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) atulie kidogo. Kitu kinachotumika dunia nzima kilianzia kwenye mabweni, kwa vijana waliokuwa na tatizo la mtandao wa chuo. Vijana wa kitivo cha TEHAMA pale kilimani wana matatizo ya mtandao ya kutosha kuzalisha programu kadhaa.

Sasa kwa nini haina bei wakati nyingine zinauzwa? Sababu kubwa ni hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Video haihifadhiwi kama picha tupu. Hubanwa kwa kanuni maalumu, yaani kodeki, kama H.264 ya mwaka 2003 au HEVC ya mwaka 2013. Kanuni hizo zina wamiliki, na kampuni inayouza programu hulipa ada ya kuzitumia kisha ada hiyo inaingia kwenye bei yako. VideoLAN wako Ufaransa, na msimamo wao ni kwamba sheria za huko haziitambui programu ya kompyuta kama kitu cha kuwekewa hataza. Hivyo VLC huja na kodeki zake zote ndani, tayari kwa kazi.

Mfano wake utauona baada ya harusi yoyote. Shangazi kaja na iPhone, karekodi send-off nzima, anakuhamishia video kwenye kompyuta yako yenye Windows. Unabofya, unasikia ngoma na vigelegele lakini skrini ni nyeusi, kisha Windows inakupeleka dukani ukanunue kiongezi cha HEVC kwa dola 0.99. Si fedha nyingi, ni kama shilingi 2,500, lakini duka linataka kadi ya benki, na wengi wetu hela ziko kwenye simu. Video haijaharibika. Simu za iPhone kuanzia iPhone 7 zinaweza kurekodi kwa HEVC tangu 2017, na pleya ya Windows mara nyingi haina kodeki hiyo hadi uilipie. VLC inaifungua bila kuuliza kitu.

DVD nazo vivyo hivyo. Tangu Windows 8, Microsoft waliacha kuweka uwezo wa kucheza DVD, na programu yao ya kazi hiyo iliwekwa dukani kwa dola 14.99, karibu shilingi 37,000. Wenye DVD za mahafali, za mahubiri na za ngoma za Wagogo zilizorekodiwa miaka ile hawana haja ya kuinunua. VLC inazicheza, mradi kisomea diski hakijajaa vumbi, na vumbi la Dodoma tunalijua.

Lawama zake je? Zipo, na nyingine ni za haki. Sura yake imezeeka, na mtu aliyezoea programu za simu ataiona kama ya mwaka 2008. Ukirukaruka ndani ya video kubwa ya HEVC, picha huvurugika kidogo kabla haijatulia. Rangi za video za HDR, zile zilizorekodiwa kwa mwanga na rangi pana zaidi, hazitoki vizuri kwenye skrini ya kawaida. Menyu ya mipangilio ni msitu. Haya yote nayakubali.

Lawama nisiyoikubali ni ile ya kwamba VLC "inaharibu spika". VLC inaruhusu sauti kupita asilimia 100. Ukipandisha hadi mwisho kwenye spika ndogo za kompyuta, ukaacha filamu nzima ikipasuka hivyo, kosa ni la mkono uliopandisha. Ukitaka sauti ya ukumbi, tafuta spika ya nje.

Kuna vitufe vichache ambavyo watumiaji wengi hawajawahi kuambiwa, na ndivyo vilivyonifanya niithamini. Manukuu yakichelewa au kuwahi, bonyeza G au H mpaka yalingane na midomo. Spika ya bluetooth ikichelewesha sauti, J huiwahisha na K huichelewesha. Mabano ya mraba hupunguza na kuongeza kasi kidogo kidogo, na alama ya sawasawa hurudisha kasi ya kawaida. Mhadhara wa saa mbili unaisha mapema na bado unamsikia mwalimu. Shift na S hupiga picha ya kilicho kwenye skrini. Tena kuna kitufe cha kurudia kipande kati ya alama A na B, kinachopatikana ukiwasha vidhibiti vya ziada kwenye menyu ya mwonekano. Mwalimu wa kwaya anayetaka sauti ya tatu irudiwe mpaka ieleweke, hiki ndicho anachokitafuta.

## Ndugu zake, kwa ufupi

MPC-HC ni nyepesi mno, sura yake ni kama ya Windows za zamani, na kwenye kompyuta dhaifu hufunguka haraka kuliko VLC. Waliokuwa wakiitengeneza walisitisha kazi mwaka 2017, lakini kwa kuwa ni huria, mtaalamu mwingine aliuchukua msimbo na matoleo mapya yanaendelea kutoka. Kampuni ikifunga programu ya kulipia, mteja hana la kufanya.

Kwa ubora wa picha, mpv ndiyo inayosifiwa zaidi na watu wanaojua wanachokiangalia. Haina menyu za kubofya kama nyingine. Unaiendesha kwa vitufe na faili la mipangilio. Mpenda kompyuta ataifurahia, lakini usimwekee mzazi wako. Anayetaka injini hiyohiyo yenye menyu za kawaida achukue SMPlayer, na mwenye Mac achukue IINA, kwa sababu QuickTime ya Apple haifungui faili za MKV. Tukiwa kwa QuickTime: toleo lake la Windows liliachwa na Apple mwaka 2016 likiwa na mianya ya usalama. Ukilikuta kwenye kompyuta ya zamani, liondoe leo.

PotPlayer ina mashabiki wengi, na sifa zake ni za kweli: ina mipangilio mingi kuliko ndugu zake, na kuruka mbele na nyuma ndani ya video ni laini. Ni ya Windows tu. Ningeiheshimu zaidi kama msimbo wake ungekuwa wazi.

## Ukilipa, unalipia nini hasa

Jina kubwa upande huu ni PowerDVD ya CyberLink, kampuni ya Taiwan. Corel wana WinDVD. Kwa wanaopanga maktaba kubwa ya muziki na video kuna JRiver Media Center. Kwa wenye vifaa vya Apple kuna Infuse, inayopendeza kweli kwa mwenye runinga, simu na kompyuta za kampuni hiyohiyo, lakini nyumba za namna hiyo kwetu ni chache.

Nichukue PowerDVD kama kielelezo. Toleo lake kamili la kununua mara moja limekuwa likiuzwa karibu dola 100 kabla ya punguzo, yaani kama shilingi 250,000, na kuna lile la kulipia kila mwaka. Kwa fedha hiyo unapata vitu vya aina tatu.

Cha kwanza, na ndicho cha maana, ni Blu-ray, diski zinazofanana na DVD lakini zenye picha kali zaidi. Diski hizi zimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo hutolewa kwa kampuni zilizosaini mkataba na wenye mfumo huo. VideoLAN hawamo. VLC ikikutana na Blu-ray ya filamu ya dukani hukwama, na njia za kuizungusha zina utata wa kisheria na usumbufu. Kama una rafu ya Blu-ray halali na kisomea chake, lipia. Hapa sina ubishi wowote.

Lakini angalia hapa, maana ni mahali watu wengi wameumia. Diski za Ultra HD Blu-ray, zile za 4K, zilihitaji teknolojia ya Intel iitwayo SGX ndani ya prosesa. Intel waliiondoa kwenye prosesa za kizazi cha 11 na cha 12 za kompyuta za kawaida. Matokeo yake, mtu mwenye kompyuta mpya na leseni halali iliyolipiwa hawezi kucheza diski ambayo kompyuta ya zamani zaidi iliicheza. Fedha hazikuokoa kitu. Anayetaka diski za 4K anunue mashine ya kuchezea diski na aiunganishe na runinga.

Kitu cha pili ni picha "iliyoboreshwa". PowerDVD inaiita TrueTheater: inaongeza ukali wa kingo, inakoleza rangi, inanyoosha video ndogo ijaze skrini kubwa. Wanaosema picha ya kulipia inang'aa zaidi hawadanganyi, wanaona kweli. Ila wanachokiona ni rangi zilizokolezwa, si maelezo mapya yaliyoibuka kutoka kwenye faili. VLC ina sehemu ya vikolezo ambako utapandisha ukali na rangi mwenyewe, na mpv ina njia bora za kunyoosha picha. Tofauti ni kwamba kwenye ya kulipia umefanyiwa kazi hiyo tayari. Kuna watu ambao urahisi huo una thamani kwao, na siwalaumu.

Kitu cha tatu ni huduma: maktaba iliyopangwa yenye picha za majalada, kurusha kwenye runinga kwa kubofya, na mtu wa kumwandikia mambo yakiharibika. Msaada huo huja kwa barua pepe na kwa Kiingereza. VLC ikikusumbua, fundi wa Majengo anaijua, jirani anaijua, na mtoto wa shule anaijua. Kwetu msaada wa namna hiyo ndio unaofika.

Kuna usumbufu wa leseni ambao watu hawauhesabu kabla ya kununua. Programu ya kulipia huthibitishwa kwa intaneti na hufungwa kwa idadi fulani ya kompyuta. Kompyuta zetu nyingi hufutwa na kuwekewa Windows upya mara kwa mara, ama kwa virusi, ama kwa umeme uliokatika wakati mbaya. Kila mara utatafuta namba ya leseni, barua pepe uliyojiandikishia na bando la kuthibitisha. VLC ina faili la kuwekea la MB 40 na kitu, linakaa kwenye flashi, na lipo toleo ambalo hata halihitaji kuwekwa: unalifungua kutoka kwenye flashi yenyewe. Kwa mwalimu anayekwenda Mpwapwa au Kondoa vijijini na projekta, akikuta kompyuta ya shule haina kitu, hilo peke yake linamaliza mjadala.

## Video inayokwama haiponywi na leseni

Sababu inayowasukuma wengi kufikiria kulipia ni video inayokwamakwama. Mpiga video wa harusi kakukabidhi flashi yenye 4K, unafungua, picha inatembea kwa kukatika huku sauti ikitangulia. Unaambiwa: VLC ni ya bure ndiyo maana, tafuta PowerDVD.

Tatizo mara nyingi liko kwenye prosesa. Kufungua video iliyobanwa kwa HEVC ni kazi nzito, na kompyuta za kisasa zina sehemu maalumu ndani ya chipu kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa Intel, HEVC ya kawaida ilianza kufunguliwa na chipu kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015. Ile ya rangi za biti 10 ilikuja na kizazi cha 7. AV1, kodeki mpya iliyotolewa mwaka 2018, ikaja na kizazi cha 11. Soma namba ya prosesa yako: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, i5-1135G7 ni cha 11. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini ni za kizazi cha 4 hadi cha 8. Ya kizazi cha 4 itahangaika na 4K ya HEVC hata ukiiwekea programu ya bei gani.

Unachoweza kufanya bila kununua chochote ni hiki. Kwanza, hakikisha pleya inatumia chipu hiyo. Kwenye VLC ni mpangilio wa kuharakisha kwa maunzi, sehemu ya uingizaji na kodeki, na uweke ijichagulie yenyewe. Pili, jaribu MPC-HC, kwa sababu kwenye mashine dhaifu wepesi wake husaidia. Tatu, tumia HandBrake, programu huria ya kubadili video, ugeuze faili liwe MP4 ya H.264 yenye 1080p, uiache ifanye kazi usiku. Nne, na hii ndiyo ningeitanguliza kama harusi bado haijafanyika: mwambie mpiga video, mkiwa bado mnaelewana bei, akupe nakala mbili, moja ya 4K ya kuhifadhi na moja ya 1080p ya H.264 ya kuangalia. Hiyo ya pili itafunguka kwenye kompyuta ya bibi Kongwa na kwenye runinga ya mjomba Kibaigwa. Mwambie pia flashi iwe na mfumo wa exFAT kama runinga yenu inaukubali, maana FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video ya ukumbini hukatwa vipande kwa sababu hiyo.

Kama una shilingi 250,000 na video zinakwama, ziweke kwenye tofauti ya bei kati ya kompyuta ya kizazi cha 4 na ya kizazi cha 8. Faida yake utaiona kila siku, na si kwenye video tu.

## Kazi tofauti, chaguo tofauti

Mwanafunzi: VLC, basi. Akipenda kuchimba mambo, aongeze mpv.

Mwenye kompyuta ya zamani yenye Windows 7, au hata XP ambayo bado ipo kwenye ofisi za vijijini: VLC za mfululizo wa 3 bado zinafanya kazi hadi kwenye XP, wakati pleya mpya za kulipia kwa kawaida zinataka Windows mpya zaidi. Ila usiiunganishe XP na intaneti kwa lolote.

Mpiga video au mhariri: VLC ya kumwonyesha mteja, na mpv au MPC-HC ya kukagua picha kabla ya kukabidhi. Asikague rangi kwenye pleya yenye vikolezo vimewashwa, iwe ya bure au ya kulipia. Atamkabidhi mteja kitu kingine na alichokiona yeye. Katika kazi hii, programu inayostahili kulipiwa ni ya kuhariri.

Kanisa, msikiti au ukumbi wenye projekta: VLC, kwa sababu ya kurudia kipande, kasi, na uwezo wa kuchagua skrini ya kuonyeshea. Fanya majaribio kabla waumini hawajaingia.

Mwenye banda la kuonyesha filamu au baa yenye skrini: VLC inaruhusiwa kwa biashara bila malipo. Lakini leseni ya pleya si ruhusa ya kuonyesha filamu. Hata ukinunua PowerDVD na diski halali, diski hiyo imeuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ruhusa ya kuonyesha hadharani hutoka kwa mwenye kazi.

Mtumishi wa wizara kule Mtumba: kompyuta ya ofisi si yako. Muone ofisa TEHAMA kabla ya kuweka chochote, hata kama ni cha bure na salama.

Mwenye Blu-ray: lipia, ukishahakikisha ni Blu-ray ya kawaida.

## Ya kulipia ambayo hukuilipia

Nimeliacha hili karibu na mwisho ingawa ndilo linalonisumbua zaidi. PowerDVD "iliyofunguliwa" inazunguka kwenye flashi mjini kama karanga. Anayekuwekea atakwambia ni toleo kamili, hulipi kitu. Mwangalie anavyoliweka: hatua ya kwanza ni kuzima antivirus. Programu inayokutaka uondoe mlinzi mlangoni ndipo iingie, ina sababu. Faili linalovunja leseni limetengenezwa na mtu usiyemjua, na lina haki zote za kufanya litakalo ndani ya kompyuta ambayo unaingilia barua pepe, akaunti ya benki na fomu za mikopo ya wanafunzi. Nywila zikiibwa huwezi kujua siku hiyo.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia, na ofisi au duka linalotumia programu iliyovunjwa leseni linajiweka pabaya kwa kitu ambacho lingekipata bure kihalali. Ukilinganisha hivi, sioni hesabu yoyote inayoipa ushindi programu ya kuiba dhidi ya VLC.

Hata VLC yenyewe ina matapeli wake. Ukiitafuta mtandaoni, matokeo ya juu huweza kuwa tangazo la tovuti nyingine inayotoa VLC iliyochanganywa na takataka. Tovuti yake ni videolan.org, na ipo pia kwenye duka la Microsoft. Faili likishapakuliwa, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, tazama sehemu ya sahihi za kidijitali: aliyesaini awe VideoLAN. Kama hakuna sahihi, au kuna jina lingine, lifute hata kama fundi anakuhakikishia kwamba ni lilelile.